Kwa Shangazi Jikoni: Uliza kwanza kilichoiva

Barua zenu za mwezi huu zilinikuta kwenye tuta la maharage, nikiyachuma kabla jua halijapanda. Nilizisoma baadaye nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, kikapu kando yangu, nikaona kwamba karibu zote zinazunguka jambo lilelile: mtu ana wageni, ana chupa ya mvinyo, ana hamu ya kuwapikia vitu vilivyotoka shambani siku hiyohiyo, lakini hajui aanzie wapi. Nimechagua saba. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, maana ukiielewa hiyo utaweza kuyajibu mengi ya mengine wewe mwenyewe.

Shikamoo Shangazi. Nimealika watu wanane kwa chakula cha jioni, wakiwemo wakubwa zangu wawili wa kazini. Nimeshanunua chupa nne za Cabernet Sauvignon, kwa sababu niliambiwa mvinyo mwekundu mzito ndio wa heshima. Orodha ya vyakula nimeshaiandika: supu ya boga, nyama ya kuoka na uyoga, matufaha ya kupikwa. Lakini mkulima ninayenunua kwake hana boga wala tufaha. Ana nyanya, mahindi mabichi, mbiringanya na maharage machanga. Nikatafute boga mbali? — Mwenyeji mwenye wasiwasi

Marahaba mwanangu. Boga liache huko liliko, na orodha hiyo ikunje uiweke ndani ya kitabu. Msimu wake utafika. Mkulima wako ameshakuandikia orodha nyingine, nayo inaishinda ya kwako. Mtu akikutajia vitu vinne vilivyoiva pamoja shambani kwake, nusu ya karamu yako imeshapikwa.

Nakwambia haya kwa uchungu wa mtu aliyekosea. Mara ya kwanza kuwapikia watu wasio wa nyumbani kwangu nilikuwa na miaka 26, na vyakula nilivipanga mwezi mzima kabla. Cha kufungulia kilikuwa sahani ya nyanya. Siku ilipofika yalikuwa majira ya baridi, nyanya za jirani zilikwisha zamani, nikanunua zilizochumwa zikiwa kijani zikasafirishwa kutoka mbali, kisha nikaziweka kwenye friji siku tatu ili zisiharibike. Rangi zilikuwa nayo. Mdomoni zilikuwa maji na pamba. Wageni walikula kimya, kwa adabu. Na hatua ishirini kutoka mezani, nyuma ya jiko, kulikuwa na kabichi zangu mwenyewe, zimefunga sawasawa, zimeongezeka utamu kwa ajili ya ile baridi, wala sikuzitazama kwa kuwa hazikuwa kwenye orodha. Kabichi zile nazikumbuka hadi leo.

Sababu ya nyanya zangu kufa ladha nilikuja kuielewa baadaye. Harufu ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya utamu wa nyanya, na tunda hilo likikaa kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi joto 12 hivi, linaacha kuitengeneza harufu hiyo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, walionyesha kwamba nyanya iliyokaa wiki moja kwenye nyuzi 5 hairudishi harufu yake yote hata ukiitoa ikapata joto tena. Mahindi nayo yana haraka ya namna nyingine: yakishavunjwa tu kwenye bua, sukari yake inaanza kugeuka wanga, na joto huzidisha mwendo. Yaliyovunjwa asubuhi yakashinda juani hadi jioni si mahindi yaleyale tena. Kwa hiyo mtu anayesema chakula cha shambani ni kitamu hasemi kwa mapenzi tu. Anasema habari ya saa ngapi zimepita.

Sasa fanya hivi. Wiki moja kabla, nenda kwa mkulima wako umuulize, "Jumamosi ijayo kipi kitakuwa kimefika?" Usimuulize "una nini leo", maana cha leo hutakipika. Asubuhi ya karamu nenda tena, au mtume mtu unayemwamini pua yake. Karatasi yako usiijaze majina ya vyakula. Andika maumbo tu: kitu kimoja cha kula kibichi, kimoja cha motoni, kimoja cha kupikwa polepole, na kimoja kitamu cha mwisho. Majina utayajaza ukishaona kikapu. Alice Waters alipofungua mkahawa wake Chez Panisse kule Berkeley, California, mwaka 1971, aliwapa wageni wote mlo mmoja uliopangwa, nao ulibadilika siku kwa siku. Mkahawa ule ukaja kujulikana duniani kwa kuwafuata wakulima wa jirani. Kama mkahawa unaweza kuishi hivyo, wewe mwenye wageni wanane unaweza kwa usiku mmoja.

Kwa kikapu chako mimi ningefanya haya. Nyanya zikatwe vipande vinene, zinyunyiziwe chumvi, ziachwe robo saa zitoe maji yake, kisha mafuta ya zeituni na majani ya mrehani. Mkate uwepo wa kuchovya ule mchuzi uliobaki chini ya sahani, maana huo ndio utamu wenyewe. Mbiringanya zichomwe nzima juu ya moto mpaka ganda liwe jeusi na tumbo lilegee, zimenywe, zipondwe na kitunguu saumu na limau. Mahindi yabanikwe, yapukuchuliwe kwa kisu, yachanganywe na siagi yakiwa bado ya moto. Maharage machanga dakika nne au tano tu kwenye maji yanayochemka yenye chumvi ya kutosha. Na nyama yako ya kuoka ibaki, lakini iwe jirani wa mboga, isiwe mfalme wao. Uyoga hauna kazi hapo.

Tuje kwenye zile chupa nne. Mvinyo mwekundu mzito una ukakasi, kama chai iliyokolea mno. Ukakasi huo ni tanini, inatoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na ikifika mdomoni inashikana na protini za mate ndiyo maana ulimi unakauka. Mafuta na chumvi vya nyama vinaituliza. Nyanya mbivu haina mafuta, ina uchachu, tena ina ule utamu wa supu ambao uko pia kwenye uyoga na jibini kuukuu. Hayo yakikutana na tanini, ukakasi unazidi kuuma na ladha ya tunda kwenye mvinyo inapotea. Usiniamini mimi, jaribu jikoni kwako: onja mvinyo, kula kipande cha nyanya kitupu, onja tena. Kisha kula kipande chenye chumvi na mafuta, onja mara ya tatu. Utasikia mvinyo uleule ukibadilika mara mbili kwa dakika moja.

Kanuni ninayoshika ni kwamba mvinyo uwe na uchachu usiopungua ule wa chakula, la sivyo unalala. Kwa nyanya na mbiringanya zenye limau tafuta Sauvignon Blanc, au kama wageni wako wanataka mwekundu tu, Sangiovese wa Toscana au Barbera wa Piemonte, mivinyo ya Italia yenye uchachu wa kusimama mbele ya nyanya. Chupa mbili za hizo zitatosha kuanzia. Nyama ikiingia, fungua Cabernet mbili. Mbili zilizobaki zilaze kwenye giza, mahali pasipo na joto, zingojee msimu wa boga lako na nyama ya kupikwa saa tatu. Mvinyo unaweza kungoja. Nyanya za Jumamosi haziwezi.

Shangazi, mimi si mwenyeji, ni mkulima wa mboga. Watu wa karamu wananipigia simu wakitaka karoti zote ziwe na ukubwa mmoja, kama za kwenye picha, tena kilo nyingi. Nikishavuna wananiambia wamebadili mawazo. Waeleze, tafadhali. — Mwenye matuta

Ndugu yangu, nakushukuru kwa kuandika, na ninakueleza mbele ya wenzangu wote wanaoalika watu.

Wapendwa, karoti ikishang'olewa hairudi udongoni. Mkulima akikuvunia kilo kumi, ameshawanyima wanunuzi wengine kilo hizo. Ukiagiza, toa malipo ya awali, hata nusu, na ukibadili mawazo chukua ulichoagiza, utagawia majirani. Hilo ni deni kama madeni mengine. Kuhusu picha, karoti yenye miguu miwili imekutana na jiwe huko chini, basi. Ladha yake haikuguswa. Mimi huwaambia wakulima wangu, "Nipe zilizopinda kwanza," nao hunipa na bei ya upole, pia huniambia siri ambazo mnunuzi wa picha haambiwi: tuta lipi lilipata maji machache likakolea, mche upi unamaliza wiki hii.

Na nunueni mmea mzima. Majani ya bitiruti yanapikwa kama mchicha. Majani ya karoti changa, ukiyasaga na kitunguu saumu, mafuta, chumvi na karanga au kokwa zozote ulizonazo, ni kitoweo cha kupaka juu ya karoti zenyewe zilizochomwa. Bua la brokoli, likimenywa ganda lake gumu, ni tamu kuliko maua yake, na nashangaa linavyotupwa kila siku. Kwa karoti za kuchoma zilizopakwa hivyo ningefungua Chenin Blanc mkavu, yaani mvinyo mweupe usio na utamu wa sukari, wa bonde la mto Loire, Ufaransa.

Mkaribishe na mkulima mezani pia. Si kila mara, lakini mara moja kwa msimu. Nimefanya hivyo, na wageni wengine waliacha kuniuliza mimi maswali usiku kucha.

Habari Shangazi. Wageni wangu wote hawali nyama wala samaki. Kila ninachosoma kuhusu mvinyo kinasema "na nyama hii, na samaki yule". Kwa sasa kuna asparagasi, artichoki na njegere. Je, ni bora nisiwape mvinyo kabisa? — Wa mboga tu

Habari njema, dada. Wape. Ila umechagua mboga mbili ngumu kuliko zote kwa mvinyo, na si kosa lako, ndizo zilizoiva.

Asparagasi ina misombo ya salfa inayoufanya mvinyo uwe na ladha ya chuma au majani yaliyooza, hasa mwekundu. Artichoki ina kemikali iitwayo sainarini, nayo inaudanganya ulimi: kila unachokunywa baada yake kinaonekana kitamu, hata maji. Tiba ya zote mbili ni moto na mafuta. Usizichemshe. Zibanike mpaka zipate alama nyeusi, zimiminie mafuta au siagi, zinyunyizie jibini gumu lililokwaruzwa, na limau kidogo mwishoni. Kisha chagua mvinyo mweupe mkavu kabisa usiolala kwenye pipa la mwaloni. Grüner Veltliner wa Austria ndio ninaouendea kwanza, maana wenyewe una harufu ya pilipili manga na majani mabichi, haushindani na asparagasi, unafanana nayo. Ukiukosa, Sauvignon Blanc.

Njegere hazina shida, zina utamu. Shida yake ni muda, kama mahindi. Zibanduliwe kwenye maganda siku hiyohiyo, dakika mbili majini, siagi, mnanaa. Ukipata uyoga baadaye kwenye msimu, hapo ndipo pa mvinyo mwekundu bila nyama: Pinot Noir, mwepesi, wenye harufu ya udongo wa msituni, na uyoga uliokaangwa mpaka maji yake yote yakauke ukawa wa kahawia. Watu wengi huutoa mapema mno.

Shangazi, maswali mawili mafupi. Watu kumi wanahitaji chupa ngapi? Na nikiandalia nje kwenye joto, mvinyo mwekundu niuweke wapi? Nasikia haupaswi kupozwa. — Baba wa watatu

Chupa ya kawaida ni mililita 750, inatoa glasi tano za mililita 150. Kwa mlo mrefu nahesabu nusu chupa kwa kila anayekunywa, kwa hiyo kumi ni chupa tano, na ya sita iwe ya akiba kwa ajili ya ile itakayoharibika. Maji yawe mengi kuliko mvinyo na yawe mezani kabla ya mvinyo. Mtu atakayeendesha gari mjue tangu mlangoni, umpangie kinywaji chake (soma barua inayofuata), asiachwe akijikatalia mwenyewe mara tano mbele ya watu.

Huo usemi kwamba mvinyo mwekundu uwe na joto la chumbani ulizaliwa kwenye nyumba za mawe za Ulaya ambazo chumba chake hakikufika nyuzi 18. Kwenye jua la nyuzi 30 kilevi kinapanda puani na tunda linazama. Mwekundu mzito mpe nyuzi 16 hadi 18, mwepesi 12 hadi 14, mweupe 8 hadi 12, unaotoa povu 6 hadi 8. Maana yake, bwana, hata mwekundu wako uingie kwenye friji nusu saa kabla ya wageni. Nje, weka ndoo yenye barafu na maji. Barafu tupu inaigusa chupa hapa na pale tu, maji yanaizunguka yote. Ukitia na konzi mbili za chumvi, maji yanashuka chini ya sifuri bila kuganda, na chupa ya mweupe iliyokuwa ya vuguvugu itakuwa tayari kwa dakika 15 au 20. Mwekundu uchovye dakika tano, uutoe.

Ile ya akiba niliyoitaja: kabla hujammiminia mtu, nusa kila chupa mpya. Ikinuka karatasi ngumu iliyoloa au ghala lenye ukungu, kizibo chake kimeambukizwa. Haitamdhuru mtu, lakini furaha hakuna humo. Iweke pembeni kimya, fungua nyingine.

Shikamoo Shangazi. Huwa nampikia wifi yangu kuku wa mvinyo mwekundu. Yeye hanywi pombe kwa ajili ya imani yake, lakini mume wangu anasema mchuzi ukichemka pombe yote inaruka, kwa hiyo sijawahi kumwambia. Sasa moyo unanisuta. — Mke wa nyumba ya pili

Marahaba mwanangu. Moyo wako una haki, na nashukuru umeusikiliza.

Haiondoki yote. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina jedwali la kiasi kinachobaki, na mimi nimelibandika ndani ya mlango wa kabati langu. Ukitia mvinyo kwenye mchuzi wa moto kisha ukauepua, inabaki asilimia 85. Ukiwasha moto juu ya kikaango mpaka ndimi zikazimika, ile onyesho inayopendwa na wageni, inabaki asilimia 75. Ukichemsha na kukoroga dakika 15, asilimia 40. Nusu saa, 35. Saa nzima, 25. Hata saa mbili na nusu bado kuna 5. Kilevi peke yake huchemka kwenye nyuzi 78, lakini kikiwa kimechanganyika na maji hakitoki peke yake. Vinashikana, vinatoka pamoja pole kwa pole.

Hata hivyo, hizi hesabu ni za mumeo. Kwa wifi yako jambo lenyewe si asilimia ngapi. Ni kwamba amekuja mezani kwako akiamini unajua asichokula.

Niliwahi kumpa mgeni mchuzi wa namna hiyo bila kumwambia. Sikukusudia kumficha, nilikuwa sijafikiri tu. Alipouliza una nini ndani mbona mtamu hivi, nikamwambia. Akaweka kijiko chini taratibu, akaniambia hapana neno, akanywa maji. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo lilinichoma zaidi. Tangu siku hiyo kila ninayemwalika namuuliza mapema, "Kuna usichokula?" na sufuria yenye mvinyo ina kijiko chake chenyewe.

Mwambie wifi yako, ana kwa ana, kabla hamjaketi kula tena. Kisha mpikie kuku mwingine ambaye watu wote watamla, yeye asitengwe kwa sahani yake peke yake. Kinachotakiwa kutoka kwenye mvinyo ndani ya sufuria ni uchachu na rangi na utamu wa tunda, na hivyo vinapatikana: mchuzi wa mifupa uliokolea pamoja na juisi ya komamanga na limau mwishoni, au maji ya zabibu mbichi zisizoiva, ambayo wapishi wa Ufaransa wameyatumia kuchachusha vyakula tangu zama za kati. Kama una mzabibu uani, zile zinazopunguzwa ili nyingine zikue ndizo za kazi hiyo. Zikamue, chuja, tumia siku hiyohiyo au gandisha, maana ukiziacha kwenye joto zitaanza kuchachuka.

Kwenye glasi yake pia usiweke soda kwa kuwa tu huna wazo jingine. Loweka majani ya chai nyeusi kwenye maji baridi usiku mzima ndani ya friji, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja, uchuje asubuhi. Chai ina tanini yake, kwa hiyo inakaa mbele ya nyama kama mvinyo mwekundu unavyokaa, na ukiipondea matunda meusi ya msimu ndani yake inapata tunda na rangi. Mmiminie kwenye glasi ileile ya mguu mrefu kama ya wengine. Jihadhari na chupa zinazouzwa kwa jina la mvinyo usio na kilevi: katika nchi nyingi sheria inaruhusu jina hilo hata kikibaki hadi asilimia 0.5. Soma lebo, na usipoona sifuri kamili, usimpe.

Shangazi, kwetu nyumbani pilipili ni lazima. Kila mvinyo nikiufungua unawasha zaidi. Tatizo ni mvinyo au pilipili? — Mla moto

Ni kilevi, ndugu. Mdomoni kuna vipokezi vinavyohisi moto, na pilipili inavigusa hivyohivyo. Kwa kawaida vinaamka kwenye nyuzi 42; kilevi kinaviteremsha hadi 34 hivi, yaani chini ya joto la mwili wako mwenyewe. Kwa hiyo Shiraz wa asilimia 15 juu ya pilipili ni kuchochea kuni. Tafuta mvinyo mweupe wa Riesling wa bonde la Mosel, Ujerumani, ulioandikwa Kabinett: mara nyingi una asilimia 8 hadi 10 tu, una utamu kidogo wa kuzima na uchachu wa kusafisha. Upoze vizuri. Na pilipili yako iache kama ilivyo.

Shangazi mpendwa, karamu ikiisha hubaki na chupa mbili au tatu zilizofika nusu. Naziweka juu ya kabati, baada ya wiki nazimwaga. Naumia. — Mwenye kuhifadhi

Kwanza zitoe juu ya kabati, huko ndiko joto la jiko linakopanda. Rudisha kizibo usiku uleule, tia kwenye friji zote, hata mwekundu. Mweupe na mwekundu vitakaa siku tatu hadi tano. Unaotoa povu siku moja au mbili, tena kwa kizibo chake maalumu. Kama umebaki robo, umimine kwenye chupa ndogo mpaka ujae shingoni, maana hewa ndiyo inayouharibu. Au ugandishe kwenye kile kisahani cha barafu, vipande vyake viende kwenye mchuzi, ukikumbuka niliyosema hapo juu.

Lakini kwa uliochoka kabisa, tengeneza siki. Bakteria wanaogeuza kilevi kuwa tindikali ya siki, ambao mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur aliwachunguza miaka ya 1860, wanataka hewa, joto la wastani na mvinyo usio mkali mno. Chukua mtungi wa kioo au wa udongo wenye mdomo mpana. Tia vikombe viwili vya mvinyo na kikombe kimoja cha maji, kisha robo kikombe ya siki hai, ile yenye utando au machujo ambayo haijachemshwa. Usiujaze mtungi, acha uso mpana wa hewa. Funika kwa kitambaa safi kilichofungwa kwa mpira, ili wadudu wadogo wa matunda wasiingie, uweke kabatini penye giza, nyuzi 20 hadi 28. Usiutikise. Baada ya wiki chache utaona utando kama ngozi juu yake, huyo ndiye mama wa siki, usimtoe. Onja kila wiki kuanzia ya sita. Kwangu mara nyingi huiva kati ya miezi miwili na mitatu. Mabaki mapya ya mvinyo yaongeze kidogo kidogo, kikombe kimoja kwa mara moja.

Siki ya namna hii usiitumie kuhifadhia mboga kwenye chupa, maana hujui ukali wake. Ni ya saladi na ya kumalizia mchuzi. Ukisikia harufu ya rangi ya kucha, ipe siku kadhaa na hewa zaidi, mara nyingi huondoka. Ukiona ukungu wa manyoya, kijani au mweusi, mwaga yote, osha mtungi kwa maji yanayochemka, uanze upya na mama mwingine.